Chale Kwenye Mguu wa Etau

Babu yangu alikuwa na etau. Kila aliyefanya kazi katika karakana za Kolwezi, mji wa migodi huku Kongo, anaijua, lakini kwa asiyeijua nitaeleza. Ni chuma kizito chenye taya mbili, kinafungwa kwenye meza kwa bulonge, yaani boliti. Unazungusha mkono wake, taya zinafunga, na kipande cha chuma kilichomo hakisogei tena hata ukikipiga nyundo. Ile yetu ilikuwa ya zamani, nyeusi, na mtu aliyetaka kuihamisha ilimbidi aikumbatie kwa mikono yote miwili.

Babu alitoka Kasai, mkoa mwingine, akiwa kijana, akaja kwa treni wakati kampuni ya shaba ilikuwa ikitafuta mikono. Wakamfanya fundi wa vyuma. Miaka mingi baadaye karakana ilipoletewa etau mpya, mkubwa wake alimruhusu achukue moja ya zile kuukuu. Aliileta nyumbani kwa mkokoteni, peke yake, na watu wa mtaa walitoka nje kumtazama. Akaifunga kwenye meza ya mbao ngumu nyuma ya nyumba, chini ya bati, na kuanzia siku hiyo wanaume wote wa nyumba yetu walifundishwa hapo.

Mafunzo yenyewe yalikuwa hivi. Sauti yako ikianza kuwa nzito, unapewa kipande cha chuma kilichokatwa ovyo kwa msumeno, na tupa. Hakuna mashine. Unaambiwa utengeneze mchemraba wenye pande sita zilizo sawa. Ukidhani umemaliza, unampelekea baba, naye anaweka pembe-mraba juu ya chuma na kukiinua kuelekea jua. Mwanga ukipenya hata kama uzi, anakurudishia bila neno. Mimi nilianza kiangazi kilipoingia, na mvua za kwanza zilinikuta bado napiga tupa. Viganja vyangu vilipasuka, vikapona, vikapasuka tena. Baba hakunipiga wala hakunisifu. Aliinua chuma juani, akanirudishia.

Siku mwanga ulipokataa kupenya, alinipa tindo na nyundo. Kwenye mguu wa etau kulikuwa na chale mbili fupi, moja ya babu na moja yake. Nikapiga ya tatu. Babu alikuwepo, ameketi kwenye kiti chake cha kamba, anacheka bila meno. Baba alinishika bega akaniambia:

“Sasa uko mutu muzima. Kitu ya mutu usikamate. Na kitu yako, usiache mutu akamate.”

Hayo tu. Kwetu hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

Mtu mwingine aliyekuwepo siku ile, anapiga makofi, alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Alitoka upande wa Sandoa, ndani ya Katanga yenyewe kama Kolwezi, akafanya kazi meza moja na baba kule karakanani tangu wakiwa vijana. Alikula kwetu Jumapili, sisi tukala kwao sikukuu. Nilipobatizwa, yeye ndiye aliyenisimamia kanisani, kwa hiyo sikumwita kwa jina wala sikumwita jirani. Nilimwita Parrain, kama tunavyowaita wote waliotushika kichwa kwenye maji ya ubatizo. Kwa Noeli alininunulia viatu. Nasema haya ili ieleweke ni mtu wa namna gani aliyetufanyia yale yaliyokuja.

Kisha kampuni ikaanza kufa. Haikufa kwa siku moja. Mgodi wa chini uliporomoka, mashine zikakosa vipuri, malori yakasimama juu ya matofali. Mshahara ukageuka unga, kisha unga nao ukakoma. Nyaya za shaba zikaanza kuibwa karakanani na walinzi wenyewe. Asubuhi ungeona wanaume wamevaa ovaroli safi, zilizopigwa pasi na wake zao, wameketi mbele ya nyumba zao kwa sababu hapakuwa na pahali pa kwenda.

Watu wenye njaa walitaka kujua nani amekula, na wanasiasa wakawapa jibu. Walisema ni sisi, watu wa Kasai, tuliojaza maofisi na karakana. Tulizaliwa Kolwezi, babu yangu alikuwa amezeeka Kolwezi, lakini radio ilitutaja kama wageni. Walituita bilulu, yaani wadudu, wale wanaoingia kwenye ghala la mahindi. Watoto niliocheza nao mpira waliliimba neno hilo wakipita mbele ya geti letu.

Parrain hakubadilika ghafla. Kwanza aliacha kuja Jumapili, akasema tumbo linamsumbua. Baadaye akawa anatusalimu tu kama njia haina watu. Mwishowe akaanza kwenda mikutanoni na kurudi na vijana ambao hatukuwajua, wakisimama kwenye ukuta na kuitazama nyumba yetu kama watu wanaopima kitambaa.

Walikuja asubuhi, tukiwa tumemaliza chai. Vijana walikuwa na mapanga na vitambaa vyekundu kichwani. Parrain alikuwa mbele yao, amevaa suti yake ya kijivu, ile ya kwendea misa. Sijui kwa nini aliivaa. Nimeliwaza jambo hilo maisha yangu yote, na kila nikiliwaza damu yangu hupanda.

“Tata,” alimwambia baba, neno letu la kumheshimu mzazi, “mutoke. Batu banakuya kuingia humu.”

“Batu gani?” baba aliuliza.

“Mi na bana bangu,” alijibu, yaani yeye na wanawe.

Babu, kwenye kiti chake, alimsalimu kama kawaida, “Karibu, mwanangu,” akamuuliza kama mkewe amepona malaria. Parrain hakumtazama. Mama alikuwa tayari anakunja nguo na kuzitupa ndani ya shuka. Tuliruhusiwa vilivyoweza kubebwa kichwani: sufuria, mikeka, nguo, msalaba wa ukutani.

Baba alisema, “Nyumba, chukua. Vitanda, chukua. Niachie etau.”

Parrain alifikiri kidogo. “Haya,” alisema. “Ifungue.”

Baba alichukua ufunguo wa bulonge akaenda nyuma. Nilimfuata. Zile bulonge hazikuwa zimefunguliwa tangu babu alipozikaza, na kutu ilikuwa imezila. Baba alizitia mafuta, akazigonga, akapiga magoti, akalala chali chini ya meza, uso umejaa vumbi. Vijana walisimama wakitazama na kutafuna miwa yetu. Mimi nilishika taa ya mafuta ili aone chini ya meza. Ilimchukua muda mrefu. Ilipolegea ya mwisho, akaikumbatia etau, akaipeleka mpaka getini, mishipa ya shingo imesimama.

Pale getini Parrain aliweka mkono juu ya taya za etau.

“Weka hapa, tata,” alisema. “Hii ni chuma ya Katanga. Nilikuwa naogopa nitavunja meza kwa kuifungua. Aksanti kwa kazi.”

Vijana walicheka. Baba alibaki amesimama, amekumbatia kile chuma, hasogei. Ndipo mmoja wao akalaza panga kwenye bega la babu, karibu na shingo. Hakulikandamiza. Alililaza tu.

Baba aliinama akaiweka etau chini. Hakuitupa. Aliishusha polepole, mguu wa chuma usije ukapasuka kwenye jiwe. Nimeona wanaume wakipigwa, nimeona wakivuliwa nguo barabarani, lakini sijaona kitu kilichonichoma kama mgongo wa baba ukiinama mbele ya ile suti ya kijivu.

Tulienda stesheni. Maelfu ya watu wetu walikuwa huko wakingoja treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Tulilala kando ya reli chini ya turubai, kisha mvua ikazidi turubai. Watu wakaanza kuharisha. Babu alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Aliendelea kumuuliza mama kwa nini hatumrudishi nyumbani ajisaidie kwenye choo chake mwenyewe, maana alikuwa mtu msafi na aliona haya. Alikufa mchana, watu wakipita juu ya miguu yake kwenda kuchota maji. Baba aliazima jembe. Tulimzika ndani ya shuka, karibu na wengine, mahali ambapo leo siwezi kupaonyesha.

Baba alirudisha jembe, akaja kuketi karibu nami.

“Unakumbuka kile nilikuambia, siku ya chale?” aliniuliza.

“Nakumbuka.”

“Maneno ya kwanza, nilishika maisha yangu yote. Ya pili ilinishinda. Itakuwa yako.”

Treni ilikuja hatimaye. Sitaisimulia safari ile. Tulishuka Mwene-Ditu, katika nchi iliyosemwa kuwa yetu, ambako hatukuwa na hata mti mmoja. Tshiluba chetu, lugha ya huko, kilikuwa cha jikoni, cha maneno ya mama, na watu sokoni walitucheka. Huko Kolwezi tulikuwa bilulu wa Kasai. Huku Kasai tukaitwa Bakatangais, watu wa Katanga. Baba alitafuta kipande cha reli, akakiweka chini, akawa anabana chuma kwa nyayo zake mwenyewe na kupiga tupa hivyo. Alitengeneza bawaba, makomeo, visu vya kukatia muhogo. Nyayo zake zilijaa makovu, na kila alipojikata alisema, “Ile etau.”

Jumapili jioni, wakati ambapo familia nyingine zilisali rozari, baba alinifundisha. Aliniuliza, nami nikajibu. Njia gani? Nyumba ya wapi? Alivaa nini? Aliweka mkono wapi? Alisema nini, neno kwa neno? Nikikosea alinirudisha mwanzo, kama alivyokuwa akinirudishia kile chuma cha pande sita. Nilijifunza mpaka sauti ya Parrain ikawa ndani ya koo langu.

Mama alichoka. Jioni moja aliweka sufuria chini kwa nguvu akamwambia baba, “Unamupatia mutoto sumu.”

Baba hakukasirika. “Bitu byote tata aliniachia, balininyanganya,” alisema. “Unataka nimuachie nini ingine?”

Mama aliokota sufuria akarudi jikoni, na mimi nilikuwa nimekwisha kuipenda ile sumu. Iliniamsha asubuhi. Baba alipokufa, mapafu yakiwa yameziba, sikulia sana. Nilijiona mtu aliyekabidhiwa zamu.

Nilijifunza kuendesha mashine kubwa za kuchimba kwenye machimbo ya almasi. Miaka ilipita. Wageni walipokuja kufungua tena migodi ya Lualaba, jimbo la Kolwezi, na jina la kobalti likaanza kutajwa na kila mtu, nilipanda gari la mizigo nikarudi Kolwezi. Hakuna aliyeniuliza mimi ni wa wapi. Kiswahili changu kilikuwa cha pale pale. Nilipata chumba Manika, mtaa mmoja wa Kolwezi, nikapata kazi ya kuendesha mashine kwa mkandarasi mmoja mdogo, nikaoa.

Nyumba ilikuwa bado ipo. Geti lilipakwa rangi ya bluu, lakini lilikuwa lile lile. Sikubisha hodi. Nilimtafuta Parrain kanisani, nikamwona bila shida, kwa sababu alikuwa ameketi safu ya mbele na wazee wa parokia. Alikuwa amezeeka vizuri. Watu walimpa njia, kina mama walimsalimu kwa kupiga goti kidogo. Wakati wa komunyo nilijipanga nyuma yake. Nilitazama mikunjo ya shingo yake kwa karibu kiasi kwamba ningeweza kuipulizia. Padri alimpa hostia, akafunga macho kwa ibada. Mimi nilirudi kwenye kiti changu bila kupokea. Jumapili nyingi zilifuata, na kila moja nilikwenda, na sitadanganya kwamba nilikwenda kusali.

Siku moja ya kazi nilipita mtaani kwao. Nje ya ukuta walikuwa wamejenga kibanda cha bati, na mwanamume mdogo kwangu kiumri alikuwa akikata pipa la mafuta kutengeneza mbabula, yale majiko ya makaa tunayopikia. Alikuwa mwana wa Parrain, nilimjua kwa sura ya baba yake. Hakunitambua, nilipoondoka alikuwa bado mdogo. Mbele yake, imefungwa kwenye meza, ilikuwa etau ya babu.

Nilinunua mbabula ili nipate kusimama pale.

“Etau nzuri,” nilimwambia. “Siku hizi habatengeneze bile.”

“Ya nkambo yetu,” alisema, yaani ya babu yao, bila kuinua kichwa. “Tata alinifundishia hapa. Hii njo ilitukulisha wakati kampuni ilikufa. Bila hii, tungelikufa na njaa.”

Nilibeba mbabula mpaka nyumbani. Mke wangu aliisifu, akapika maharage juu yake, nikala. Nilifikiria nyayo za baba kwenye kile kipande cha reli, na maharage yalishuka vizuri, kwa sababu nilikuwa nimejua tayari kwamba siku yangu inakuja.

Na kweli ilikuja bila mimi kuisukuma. Watu walikuwa wamegundua madini chini ya ule mtaa. Walichimba jikoni, walichimba chini ya vitanda, na nyumba zikaanza kupasuka. Mwisho wake eneo lote likatwaliwa kwa ajili ya mgodi, wakazi wakaambiwa wahame, kuta zikachorwa msalaba mwekundu, na kazi ya kubomoa ikapewa mkandarasi wetu. Nilimwendea msimamizi nikamwomba njia ile. Alidhani naipenda kwa kuwa ardhi yake ni tambarare. Nilimwacha adhani hivyo.

Wengine wote walihama. Parrain alibaki. Tulipofika mbele ya lile geti la bluu, jua limekaa kichwani, alikuwa amesimama katikati ya njia ameshika fimbo. Msimamizi alishuka na polisi mmoja, akamweleza kwa upole kwamba wakati umekwisha. Mimi nilikuwa juu ya mashine, injini inanguruma, lakini nilisikia kila neno alilojibu.

“Mi sitoke,” alisema. “Hii nyumba tata yangu aliniachia.”

Nilizima injini. Nikashuka, nikavua kofia ya kazi, nikasimama mbele yake.

“Parrain,” nilisema.

Alikunja macho. “Weye uko nani?”

“Tata yangu aliweka etau hapa. Hapa pa geti. Ulimuambia aksanti kwa kazi.”

Niliona jambo likipanda usoni mwake polepole, kama maji yanavyopanda ndani ya kitambaa. Alitazama viatu vyangu, akatazama mashine, akarudi kwangu.

“Tata yako eko wapi?”

“Alikufa.”

“Na muzee?”

“Alikufia ku gare. Mbele treni ifike. Hatukumupatia hata sanduku.”

Aliketi kwenye dumu la maji lililokuwa hapo. “Ilikuwa wakati mubaya,” alisema. “Batu bote balikuwa…”

“Hapana batu bote. Weye. Ulivaa suti ya misa.”

Mwanawe alikuwa amesikia sauti akatoka kibandani, mikono myeusi. “Tata, huyu ni nani?” aliuliza. Baba yake alitazama chini. Nikamgeukia yule mwana.

“Ifungue etau,” nilimwambia. “Nitangojea.”

Alinishukuru. Alidhani namfanyia wema. Akachukua ufunguo, akapiga magoti, akazigonga bulonge, akalala chali chini ya meza. Msimamizi alitazama saa yake, nami nikamwomba avumilie kidogo. Sikuwa na haraka. Nilisimama kivulini nikamtazama mwana wa Parrain akitoka jasho pale pale baba yangu alipotoka jasho. Alipomaliza akaikumbatia, akaileta mpaka getini.

Niliweka mkono juu ya taya zake. “Weka hapa,” nilisema. “Aksanti kwa kazi.”

Parrain alifunika uso kwa kiganja. Yeye aliyatambua maneno. Mwanawe hakuyatambua, alikaza mikono akasema hii ni mali ya familia yake, hatamwachia mtu. Polisi akasogea hatua moja. Ndipo mzee akasema, uso bado umefunikwa, “Weka, mwanangu.”

Aliiweka. Nikachuchumaa kutafuta chale zetu. Zilikuwepo, tatu, zimejaa uchafu mweusi. Lakini chini yake kulikuwa na nyingine, zimepangwa vizuri, sawa kama zetu.

“Hizi ni za nani?” niliuliza.

“Ile ya kwanza ni ya tata,” mwana alijibu, sauti imekauka. “Ingine ya yaya yangu, ndugu yangu mukubwa, alikufa mu shimo. Hii yangu. Ile ya mwisho ya mwanangu mukubwa. Tulitengeneza mchemraba na tupa. Pande sita. Tata alikuwa anapima ku jua. Mwanga ukipita, unaanza tena.”

Nilikuwa nimejiandaa kwa wizi wa chuma. Sikuwa nimejiandaa kwa hili. Parrain alikuwa amechukua hata lile jua ambalo babu alipimia, hata ule ukimya wa baba, akawapa wanawe, nao wakakua wakiamini ni vyao. Mtu mwingine labda angeguswa. Angeona kwamba kazi ya babu yake iliendelea kuishi katika mikono mingine. Mimi niliona kwamba tuliibiwa mara ya pili, na mara hii kitu kisichoweza kupakiwa kwenye gari na kurudishwa.

Niliingia kibandani nikachukua tupa yao wenyewe. Nikaipindua etau, nikaikalia kama mtu anayemkalia mbuzi, nikaanza. Chuma kile ni kigumu. Ile chale ya mtoto ilitoka upesi, haikuwa ya ndani. Ya huyu mwana ilinichosha. Ya kaka yake aliyefukiwa shimoni niliipiga tupa bila kusita, nikimsikia yule mwana akivuta pumzi kwa nguvu nyuma yangu. Ya Parrain nilimaliza nayo, na nilipiga mpaka mahali pake pakang’aa kama sarafu. Unga wa chuma ulianguka juu ya kiatu changu. Hakuna aliyenizuia. Msimamizi aligeuza uso akawasha sigara.

Nilipakia etau kwenye gari la mkandarasi. Wao walipakia vitu vyao kwenye mkokoteni. Parrain aliondoka ameketi juu ya magodoro, mgongo umeelekea kwangu. Kisha nikapanda mashine nikaibomoa nyumba niliyozaliwa. Nilianza na chumba ambacho wazazi wangu walilala. Ukuta uliinama, ukasimama kidogo kama unaofikiria, ukaanguka. Nilikuwa nimewazia kwamba nitahisi kitu chungu. Nilihisi furaha. Nilihisi furaha jikoni, nilihisi furaha sebuleni, na ilipofika zamu ya geti nilipita juu yake mara ya pili ingawa lilikuwa limekwisha kulala.

Nilipomsimulia mke wangu, alinisikiliza mpaka mwisho. “Muzee, sawa,” alisema. “Lakini ile kijana alifanya nini?”

“Na mi nilikuwa nimefanya nini?” nilimjibu. Hajaniuliza tena.

Etau iko kwangu Manika. Mwanangu amepiga chale yake chini ya ya kwangu, na siku ile nilimwambia maneno yote mawili ya baba yangu, la kwanza na la pili. Nimemweleza pia njia, geti, suti ya kijivu. Anajibu vizuri ninapomuuliza.

Majuzi, saa ya chakula cha mchana, mtu aligonga kwangu. Alikuwa mwana wa Parrain. Amekonda. Alikuja kwa taxi-moto, pikipiki ya kukodi, kutoka Mutoshi, ambako walihamia, na mwendeshaji alikuwa akimngoja bila kuzima injini. Hakukubali kuingia wala kuketi.

“Tata alikufa juzi,” aliniambia. “Nilikuya kukuambia, juu alikuwa parrain yako. Ye mwenyewe alisema nikuambie. Alikuwa analomba tumusamehe wote wawili, weye na mi. Mi nilimuambia nitakuletea habari. Ile ya kusamehe, sikukubali.”

“Asante kwa kunijulisha,” nilisema.

“Kilio iko kwetu. Mi sikuite. Nimekujulisha tu.” Alitazama nyumba yangu, dirisha kwa dirisha, bila haraka, kisha ukuta, kisha geti. Niliutambua mtazamo ule. “Uko na batoto wangapi?” aliuliza.

Sikumjibu. Akatikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa, akapanda pikipiki, akaondoka.

Sikwenda kwenye kilio. Siku ya maziko nilikuwa kazini, nikachimba mpaka jioni. Lakini kesho yake nilipita sokoni Manika nikanunua kufuli nzito ya chuma, na sasa geti letu linafungwa hata mchana. Mke wangu aliuliza namwogopa nani. Nilimwambia simwogopi mtu, ila mtoto asimfungulie yeyote asiyemjua, na kama ni mtu mwenye mikono ya fundi, aniite kwanza.